Naomba ushauri: watoto wangu wa mjini wanakwenda likizo kwa bibi yao Usambara, niwaachie uhuru kiasi gani?

Baba wa Wawili (mleta uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni. Nina watoto wawili, binti wa miaka 10 na mdogo wake wa kiume wa miaka 7, ambao wamezaliwa na kukulia Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga yenye ua wa saruji ambao magari ya wapangaji yakishaegeshwa jioni hapabaki nafasi hata ya kuruka kamba. Shule zikifungwa mwezi Desemba, mimi na mama yao tumekubaliana waende wakakae kwa mama yangu mzazi, katika kijiji kilichopo juu ya Soni, wilayani Lushoto, ambako ndiko nilikokulia.

Sisi tulikuwa tukishakunywa uji asubuhi tunatoka, na hakuna aliyeuliza tulipo mpaka jua lilipoanza kuzama nyuma ya mlima. Nilijua ni mplamsi upi huwahi kuiva na ni wa nani, nilijua jiwe ambalo chini yake kaa wa mtoni hujificha, na nilijua kwamba maji yakibadilika rangi ghafla ilhali kwetu hakuna mvua, basi mvua imenyesha huko juu na inatupasa kutoka mtoni mara moja. Sikumbuki kama kuna mtu mzima aliyenikalisha chini akanifundisha mambo hayo. Ninatamani sana watoto wangu wapate japo sehemu yake, kwa sababu ninaamini kwamba mtoto asiyewahi kuijua ardhi ya kwao kwa miguu yake mwenyewe atakuja kuirithi kama karatasi tu.

Wasiwasi wangu ni huu. Safari iliyopita walikaa kizingitini kwa bibi yao wakiniuliza tunarudi lini, na watoto wa jirani waliokuja kuwaangalia walisimama mbali, kisha wakaondoka. Mama yao anahofia nyoka na mto, nami siwezi kumwambia kwamba hofu yake haina msingi. Je, niwaandalie ratiba ya michezo na matembezi, au niwaache? Mto niuruhusu? Na wale wenzao wa kijijini, wataungana nao vipi? Naomba busara zenu, hasa ninyi mliokulia mashambani na sasa mnalea mjini.

Mzee wa Milimani

Mwanangu, nimekusoma kwa makini kwa sababu ninakijua vizuri hicho unachokisema. Nami nilizaliwa milima hiyo hiyo. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usiwaandalie ratiba yoyote. Umesema hukumbuki kufundishwa, na ni kweli, lakini nina hakika unakumbuka kutumwa. Sisi tuliijua nchi kwa kutumwa. Ulitumwa chumvi ng'ambo ya bonde, ukatumwa kumrudisha mbuzi aliyekata kamba, ukatumwa kuni, na katikati ya kwenda na kurudi ndipo ulipomwona kinyonga, ukagundua mpera ulioota peke yake kwenye mpaka wa shamba, ukajua njia ya mkato na kwa nini watu wazima hawaipiti wakati wa mvua. Mchezo ulikuwa ndani ya safari, nayo safari ilikuwa na sababu. Mtoto akiambiwa tu "nenda kacheze" mahali asipopajua, atarudi kizingitini, kwa sababu hajui aanzie wapi.

Kwa hiyo zungumza na mama yako kabla hawajafika. Mwombe awatume vitu vidogo vidogo visivyo na haraka: wakachume majani ya maboga, wapeleke salamu kwa shangazi, wakaangalie kama kuku ametaga kule nyuma ya zizi. Siku za mwanzo watanung'unika na kusema hakuna cha kufanya, na hapo ndipo wazazi wengi wa siku hizi hushindwa wakawapa simu. Simu ibaki Dar es Salaam. Mtoto aliyechoshwa na kukaa bure ataamka mwenyewe atafute jambo.

Jambo la pili, hatukuwa tukizurura peke yetu hata siku moja. Tulikuwa kundi, na kundi lilikuwa na mkubwa wake, kijana wa miaka 12 au 13 ambaye wazazi walimjua na ambaye angeulizwa yeye kwanza iwapo mmoja wetu angerudi amechubuka. Uhuru tuliokuwa nao ulikuwa na mlinzi, ila mlinzi huyo alikuwa mtoto mwenzetu. Tafuta mtoto wa namna hiyo kwa jirani au kwa ndugu, uzungumze na wazazi wake kwa heshima, kisha uwakabidhi kwake mbele ya bibi yao.

Na usisahau gamba la mgomba! Pale kwetu mteremko ndio uliokuwa uwanja. Tulibandua gamba bichi kutoka kwenye mgomba uliokwisha kukatwa, lile pana la nje, tukaliweka kwenye nyasi upande wenye utelezi ukiwa chini, ukakaa ukiwa umekunja miguu na kuishika ncha ya mbele kwa mikono miwili ukiivuta juu, ili isijichimbie kwenye udongo. Asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, lilikuwa likienda kasi ya kukutoa machozi. Kabla hawajaanza, mkubwa wao akague njia kama ina visiki, na mwisho wake uwe mahali pa tambarare, si kwenye kingo ya barabara.

Muuguzi wa Zamu

Ndugu mleta uzi, naomba nimjibu mama watoto, kwa sababu hofu zake zina majibu.

Tuanze na maji. Kichocho huenezwa na konokono wa maji baridi wanaopenda maji yaliyotuama au yaendayo polepole penye majani, kwa hiyo madimbwi, mabwawa na mifereji ya umwagiliaji, hasa huko bondeni kuelekea Mombo, visiwe mahali pa kuogelea kabisa. Kijito cha mlimani kinachoruka kwenye mawe kina hatari ndogo zaidi ya ugonjwa huo, lakini kina hatari ya mafuriko ya ghafla uliyoieleza wewe mwenyewe, na Desemba bado mvua za vuli zinaweza kunyesha. Waruhusu kuingia pale maji yanapoishia chini ya magoti na mtu mkubwa akiwa karibu. Wakiingia maji ambayo huna hakika nayo, wapeleke wakapimwe wiki 6 hadi 8 baadaye hata kama hawalalamiki, kwa kuwa dawa yake ipo na inatibu vizuri.

Kuhusu nyoka, wengi wanaoumwa ni wale waliokanyaga au kuingiza mkono wasipoona. Kifutu, kwa mfano, hakimbii akisikia vishindo kama nyoka wengine. Hutulia palepale akitegemea rangi yake imfiche. Viatu vya kufunika mguu, tochi usiku hata kwa safari ya chooni, na mwiko wa kuingiza mkono kwenye mashimo au kwenye lundo la kuni vinapunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Akiumwa mtu, msimchanje, msimnyonye sumu, na msimfunge kamba ya kubana damu. Mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, mvueni pete au bangili kabla mwili haujavimba, na apelekwe hospitali bila kupitia kwingine.

Jambo ambalo wazazi hulisahau ni mbwa. Mtoto wa mjini humkimbilia mbwa amshike. Akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende kuanza chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa dogo. Chandarua wabebe pia. Baridi ya Lushoto, iliyopo takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hupunguza mbu lakini haiwamalizi.

Baada ya hayo, waacheni wachubuke magoti.

Binti wa Pemba

Kaka, nimeguswa na uzi huu, ila kuna jambo ambalo wachangiaji waliotangulia hawakuligusa. Mimi nimekulia Pemba, kwetu ni bahari na mikarafuu wala si milima, lakini nadhani hili ni moja kila mahali. Kaka zangu walikwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, walipanda mizambarau, walipotea mchana kutwa wakarudi na hadithi. Mimi dunia yangu ya nje ilikuwa ni kisimani na pwani na mama, maji yakitoka wakati wa bamvua, tukiokota kombe na chaza. Siku hizo ninazikumbuka kwa furaha kubwa, nami naweza hadi leo kuangalia mchanga na kukwambia kombe amejizika wapi, lakini nilijua kwamba kaka zangu walipewa kisiwa kizima, mimi nikapewa njia moja.

Binti yako ana miaka 10. Bibi yake atamwona ni mkubwa wa kutosha kukaa jikoni, naye mdogo wake atasindikizwa na watoto wa jirani kwenda milimani. Kupika na bibi ni jambo jema na naomba asilikose, lakini zungumza na mama yako mapema, kwa adabu na kwa uwazi, kwamba mjukuu wake wa kike naye atoke. Mfungashie suruali nyepesi za kuvaa chini ya gauni, ili asiwe na sababu ya kushindwa kupanda mti. Na katika kundi lile alilolitaja mzee wetu hapo juu, hakikisheni kuna wasichana, tena mmoja wao awe mkubwa.

Mwalimu wa Mlalo

Ninafundisha shule ya msingi huku huku Usambara, na ningependa kusema kwa niaba ya wanafunzi wangu. Kundi lile lisilokuwa na kazi siku nzima limepungua. Desemba ni wakati ambapo watoto wengi husaidia kwenye bustani za mboga, na wakubwa wao wana masomo ya ziada. Wakija wageni kutoka mjini wakiwa na peremende na nguo mpya, wanasimama mbali kama ulivyoona, kwa sababu hawajui kama wamekaribishwa. Usiwapelekee zawadi za kugawa. Wapelekee kitu cha kucheza pamoja ambacho hakikamiliki bila wao.

Pendekezo langu ni soksi kuukuu na vitambaa. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mipira yetu ya nailoni imekuwa adimu, na watoto wamerudia kushindilia vitambaa ndani ya soksi na kuizungushia kamba ya katani. Mpira huo unatosha kwa rede: wawili wanasimama pande mbili wakirushiana, wa katikati anaukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa kwa viganja, na akipigwa kabla chupa haijajaa, anatoka. Mchezo huu haumjui mgeni wala mwenyeji, na binti anayejua kukwepa huheshimiwa mara moja. Jioni kombolela itafuata yenyewe, na hapo watoto wako watalazimika kujua kila kichaka kilichoizunguka nyumba, maana asiyejua pa kujificha huonekana wa kwanza.

Jambo jingine dogo: msitu wa Magamba, ambao sisi wa zamani tuliingia kuokota kuni na kutafuta matunda, sasa ni hifadhi ya mazingira asilia, hivyo mkitaka kwenda kuwaona mbega, pitieni ofisi ya hifadhi mlipe kiingilio na mwende na mwongozaji. Watoto wasitumwe huko peke yao.

Baba wa Wawili (mleta uzi)

Nawashukuru nyote kwa dhati. Dada wa Pemba, umenionyesha jambo ambalo sikuwa nimelifikiria, na kesho nitampigia mama simu tulizungumze. Mwalimu, soksi tunazo nyingi. Kwa mzee wetu, shikamoo, nina swali moja la mwisho. Mama yangu anaamini kinyonga ni mkosi na humfukuza akimwona uani. Mimi ningependa watoto wamtazame, lakini sitaki wamvunjie bibi yao heshima nyumbani kwake. Nifanyeje?

Mzee wa Milimani

Marahaba, mwanangu. Wasimlete uani, basi. Mahali pa kinyonga ni kwenye tawi, na huko ndiko anakopendeza. Waambie wapunguze mwendo kwenye ua wa miti iliyo pembezoni mwa njia, wamtafute kwa macho bila kumgusa. Wakimpata, wakae kimya mpaka waone jicho moja likitazama mbele huku la pili likiwatazama wao, na wakiwa na subira wataona ulimi ukichomoka kumnasa nzi. Hana sumu. Wapo pia wale wenye pembe mbili puani ambao makazi yao ni milima yetu hii, na wamewahi kukamatwa kwa wingi na kuuzwa nje ya nchi, kwa hiyo wakatazwe kabisa kumweka mmoja kwenye kopo ili warudi naye Dar es Salaam. Bibi akiwauliza wamemwona wapi, wamjibu ukweli, na wamsikilize akiwasimulia kwa nini anamwogopa, kwa sababu hadithi hiyo nayo ni ya kwao.

Kisha wapeleke kwenye miamba yenye kivuli na unyevunyevu, wakalitafute lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoyamanyoya, ambalo kwa Kiingereza huitwa African violet. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, na leo jamii yake inauzwa kwenye vyungu vya maua karibu dunia nzima. Binti wa miaka 10 atapenda kujua kwamba asili yake ni huku kwa bibi yake. Wasiling'oe, ila wanaweza kulichora.

Mkifika Mombo nunueni mkate wa kutosha kabla ya kuanza kupanda, maana barabara ile ya kona nyingi ni kilomita zipatazo 33 hadi Lushoto mjini, na mtoto asiyeizoea hutapika akiwa na njaa. Mpe mama yako salamu zangu.