Familia ya Uyole: Jumamosi ya Kufungua Stoo

*Jumamosi, 14 Juni 2025*

Mama: Hamjambo wanangu. Leo nafungua stoo. Mvua zimekatika, jua lipo, na mablanketi yananuka ukungu. Kitindamimba kashika fagio la chelewa tayari. Msinipigie simu, nina kazi.

Dada Iringa: Shikamoo mama. Umefanya la maana! Ile stoo imekuwa pango. Tupa, usimwonee mtu huruma.

Kaka Dar: Shikamoo mama, shikamoo baba. Naunga mkono. Vingine piga moto kabisa.

Baba: Marahaba. Asichome mtu kitu sijafika. Niko shambani, tunachimba viazi.

Shangazi Tukuyu: Mugonile nyote. Wifi pole na kazi. Huku kwetu manyunyu tangu usiku, magodoro yangu hayajatoka nje tangu Pasaka. Nikodishie hilo jua hata la nusu saa.

Kitindamimba: [picha] Hili tranka la nani? Lina kufuli, ufunguo hakuna.

Dada Iringa: La kaka. Alikwenda nalo kidato cha kwanza.

Kaka Dar: Msiliguse jamani.

Mama: Si ndiye uliyesema nipige moto?

Kaka Dar: Mama, nilikuwa nasema vitu vya zamani.

Mama: Una miaka 34 mwanangu. Kitindamimba, lete nyundo.

Kaka Dar: Mama tafadhali. Nitakuja Desemba nilichukue mwenyewe.

Mama: Ulisema Desemba ya mwaka juzi.

Kitindamimba: Limefunguka. Kuna kikombe cha plastiki, madaftari ya jiografia, soksi moja na bahasha za pinki. Zinanukia mpaka leo.

Mkwe Dar: Shikamoo mama. Poleni na usafi. Hizo bahasha zimetoka kwa nani?

Kaka Dar: Mama Juniori, nakuja hapo sebuleni nikueleze.

Mkwe Dar: Kaa hukohuko. Nasubiri jibu la Kitindamimba.

Kitindamimba: Wifi, hazijatoka kwa mtu. Zote kumi na moja ni mwandiko wa kaka. Stempu zimebandikwa, mhuri wa posta hakuna. Hakuwahi kutuma hata moja.

Shangazi Tukuyu: Maskini mtoto wa kaka yangu 😂 Kumi na moja!

Mkwe Dar: Mama naomba ulitume hilo tranka kama lilivyo. Nauli ya mzigo nalipa mimi.

Dada Iringa: Nimecheka mpaka wateja wananishangaa. Mama endelea, tupa!

Kitindamimba: Dada, nimefika kwenye maboksi yako. Hotpoti sita za harusi. Maboksi manne panya wameyatoboa.

Dada Iringa: Hizo msitupe! Nimeziweka tu, kwangu padogo.

Mama: Umeolewa 2016. Miaka tisa nafagia kwa kuzunguka hotpoti zako. Wageni wakija nawapakulia kwenye sufuria nikisema hotpoti zina mwenyewe. Moja panya kazalia humo.

Dada Iringa: Hiyo moja tupeni.

Kitindamimba: Nyuma ya debe la chumvi kuna salfeti zima la mifuko ya rambo. Imekunjwa mmoja mmoja. Ya nani?

(dakika sita kimya)

Dada Iringa: Mama?

Mama: Ni yangu. Serikali ilipoipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, ningeitupa wapi? Barabarani nionekane? Nikaiweka mahali salama.

Kaka Dar: Mama, umeficha rambo miaka sita na mimi unanivunjia tranka.

Mama: Rambo zangu hazijaandika barua.

Kitindamimba: Nimetoka kwenye mablanketi, sasa nafua. Koti la baba la sufu, lile jeusi la nyuma ya mlango, nalo liingie kwenye beseni?

Baba: LISIFULIWE.

Baba: Nakuja. Nimeacha jembe. Mtu asiguse mfuko wa ndani.

Mama: Kwa nini mfuko wa ndani?

Kitindamimba: [picha]

Mama: Baba watoto. Nimehesabu mara mbili. Noti za mia tano arobaini na sita. Elfu ishirini na tatu.

Dada Iringa: Mungu wangu, ni zile za 2010. Benki Kuu ilitangaza tuzibadilishe kuanzia 6 Januari mwaka huu, mwisho 5 Aprili. Hata humu niliweka tangazo!

Baba: Nililiona. Nilisahau kwamba ninazo.

Mama: Mia tano ya karatasi sijaishika siku nyingi, sarafu yake ilitoka 2014. Hizi ulianza kuzificha lini?

Baba: Kabla ya kipaimara cha Kitindamimba. Nilikuwa nakusanyia kitenge chako cha siku ile. Hazikutimia, nikaona aibu kusema, nikaziacha hapo.

Shangazi Tukuyu: Kaka yangu jamani.

Mama: Kitindamimba kashamaliza chuo.

Baba: Najua. Jumatatu nauza viazi, tutapita Mwanjelwa uchague mwenyewe.

Mama: Vya kushona viwili. Cha kipaimara, na cha miaka ya kusubiri.

Baba: Viwili.

*17:40*

Mama: [picha] Tazameni sakafu. Nilikuwa nimesahau kwamba ni nyekundu! Kesho alfajiri tranka linapanda basi, Kaka utalipokea Mbezi usiku. Hotpoti tano nimezisugua kwa majivu, zinashuka Ipogolo. Dada mpe konda nauli yake, usibishane naye.

Dada Iringa: Asante mama. Nitakuwepo.

Mkwe Dar: Tutakuwepo wote wawili. Barua atanisomea mwenyewe.

Baba: Mama watoto, usafi umependeza. Magunia kumi na nne ya viazi yameingia stoo yote, hata mlango unafunga vizuri. Koti langu silioni nyuma ya mlango.

Mama: Liko kambani. Nimelifua.