Kivuko cha reli hakina geti, hakina taa, kibao kimeibwa, halafu mnasema "uzembe wa dereva"

Wakuu salaam. Leo sina utani, na anayetaka kuja na vikaragosi vya kucheka apite nyuzi za mpira huko.

Jumanne asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, niko ndani ya daladala, Coaster ya kawaida, tumebanana mpaka konda ananing'inia mlangoni. Tunafika pale relini. Sitataja kivuko gani wala reli ya nani. Hapa Dar, wa Buguruni, Vingunguti, Tabata, Yombo, Kwa Limboa na Gongo la Mboto kila mmoja atadhani namsema yeye, na hatakuwa amekosea. Mbele foleni. Dereva wetu akafuata gari la mbele kama wanavyofanya wote, akaingia relini, foleni ikasimama. Mbele bajaji, nyuma lori la mchanga, sisi katikati ya vyuma viwili.

Honi ikalia.

Sijui nieleze vipi kimya cha sekunde moja kilichoingia mle ndani. Halafu konda akapiga kelele: "Shukeni! Shukeni nyie!" Mlango mmoja, watu kama arobaini. Mama mmoja alimpitisha mtoto wake dirishani, akapokelewa na kijana wa boda ambaye hamjui hata kwa sura. Ndoo ya samaki wa Feri ikamwagika, watu wakawa wanateleza juu ya samaki. Mimi nilitokea dirishani, goti hili bado limevimba. Dereva akaisukuma ile bajaji kwa bampa, bajaji ikaingia mtaroni, Coaster ikaruka kama mbuzi. Treni ikapita. Kati ya mkia wa gari na behewa la kwanza nadhani hata meza ya kulia isingeenea.

Hakufa mtu. Kwa hiyo hakuna habari, hakuna kamera, hakuna kiongozi wa kutoa pole. Dakika kumi baadaye magari yalikuwa yanapita palepale, na foleni imesimama tena juu ya reli ileile. Nimeiona kwa macho yangu nikiwa nimekaa kwenye jiwe natetemeka.

Sasa najua wimbo utakaofuata, kwa sababu ni uleule kila mara. Novemba 29, 2023 kule Manyoni, Singida, basi liligongana na kichwa cha treni, wakafa watu 13. Siku ile kila mwenye simu alikuwa na neno kuhusu dereva. Wenzetu Nairobi, Oktoba 2013, pale Mutindwa, treni ililikumba basi la abiria asubuhi, wakafa zaidi ya kumi; na huko pia lawama za kwanza zilimwendea aliyeshika usukani. Sisemi madereva ni malaika. Wa kwetu Jumanne alikosea, hukanyagi reli kama huoni nafasi ya kutokea upande wa pili. Ninachouliza ni hiki: kama kila dereva anayepita pale anafanya kosa lilelile, asubuhi na jioni, mwaka baada ya mwaka, bado kosa ni la dereva peke yake? Au kuna mtu mahali fulani amechora, au ameacha kuchora, mahali ambapo kukosea ndiyo njia pekee ya kufika kazini?

Na dereva wa treni msimguse. Treni haina usukani, haiwezi kukukwepa. Ni gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma, haina msuguano kama tairi juu ya lami, na nyuma yake kuna mamia ya tani zinasukuma. Akishika breki zote alipo, treni itaendelea kuteleza mamia ya mita. Yule akishakuona, kilichobaki kwake ni kupiga honi na kukutazama. Hilo tu. Fikiria unalala vipi usiku ukiwa na kazi hiyo.

Kwa hiyo wanatufundisha: simama, tazama, sikiliza. Sawa, jana nilienda kufanya hivyo kwa miguu, mchana, bila haraka.

Simama wapi? Hakuna mstari. Kulikuwa na kibao cha X, kile chekundu na cheupe, nakikumbuka tangu nikiwa sekondari. Nguzo imekatwa na msumeno chini kabisa, imebaki kisiki cha sentimita chache, na sote tunajua vyuma chakavu vinauzwa wapi. Inachekesha lakini: X ya kibao haijarudi, ila nyumba zilizo jirani zimepigwa X nyekundu ukutani zamani, kwamba ziko ndani ya hifadhi ya reli, mita 15 kutoka katikati ya njia. Rangi ya kupiga X kwenye nyumba ya mjane ilipatikana siku hiyohiyo.

Tazama nini? Upande wa kushoto kuna vibanda: chipsi, fundi simu, duka la M-Pesa, genge la nyanya, vyote vimejibana mpaka kwenye kokoto. Nikasimama pale ambapo pua ya daladala inasimama, nikamwomba mdogo wangu atembee pembeni ya reli mpaka nisimwone. Hatua zake tulizibadilisha kuwa mita, zikaja kama 60. Sasa piga hesabu na mimi. Treni ikija kilomita 50 kwa saa inakula karibu mita 14 kila sekunde. Mita 60 ni sekunde nne na kidogo. Nikakaa kwa mama lishe nikahesabu daladala zilizojaa, tangu zianze kwa gia ya kwanza mpaka mkia uvuke reli ya pili: sekunde nane, tisa, moja ilifika kumi kwa sababu pale katikati pamevimba, vyuma vimebaki juu na lami imeliwa, gari linapanda na kushuka kama linavuka korongo. Bajaji mbili zilizima palepale nikiwa natazama.

Yaani dereva mwenye akili timamu, aliyesimama, aliyetazama, asiyeona kitu, akaingia, treni inamkuta katikati. Hajazembea popote.

Na kusikiliza ndiyo usiseme. Kinyozi ana spika mbili za kifua kila upande, muuza dawa ya mende ana kipaza sauti kinachorudia maneno yaleyale tangu asubuhi mpaka jua linazama, na lori likipanda pale linanguruma. Honi unaisikia ikiwa imeshafika. Kule kwetu usiku kuna walinzi na watoto wadogo wanalala, kuna watu waliwahi kulalamika honi inawasumbua. Nami naomba radhi kwa niaba ya mtaa, pigeni honi hata saa tisa usiku.

Baada ya hapo nikafanya kile ambacho mnatuambia tufanye, "fuateni taratibu". Nikaandika barua. Nikaenda kwa mtendaji, mtu mwema tu, akasoma, akapumua, akasema: "Dada yangu, hii siyo ya kwetu, reli ina wenyewe." Nikaenda kwa wenye reli. Pale mapokezi nikaambiwa njia ya treni ni salama na imekaguliwa, tatizo ni barabara, niende kwa wenye barabara. Nikapanda boda, shilingi elfu tatu, nikaenda kwa wenye barabara. Kijana wa pale akaniambia kwa heshima zote kwamba barabara yao inaishia kabla ya kokoto na inaendelea baada ya kokoto. Kilicho katikati, shikamoo mama, siyo chao. (Nina miaka 34, hiyo shikamoo nayo imeniuma.) Nina mihuri mitatu ya IMEPOKELEWA. Hivyo ndivyo mjue: zile mita nne za katikati ni yatima. Hazina baba, hazina mama. Mamia yetu tunazivuka kila siku.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba watu wanajua. Siyo kwamba nchi hii haijui. Nimepanda SGR, treni ya reli mpya ya kisasa, kwenda Morogoro, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, nikakaa dirishani makusudi kuhesabu mahali ambapo barabara inakatiza reli. Sikuona hata mahali pamoja. Barabara inapita juu au inapita chini, na pembeni kuna uzio. Treni ile inakimbia mpaka kilomita 160 kwa saa, kwa hiyo mtu aliyekaa na kalamu alisema wazi: gari na treni havipaswi kukutana uwanja mmoja, tumalize. Hongera kwake, sina husuda. Lakini reli ya zamani haijang'olewa. Ile ya Mjerumani bado inabeba mizigo, ya Tazara, ile ya kwenda Zambia, bado inapita, na treni za abiria za mjini tulizozishangilia Oktoba 2012 zilipitishwa kwenye njia hizohizo, katikati ya mitaa iliyokuwa imeshajaa watu. Tuliongezewa treni. Geti hatukuongezewa.

Na msiniambie jiji halijui kujenga. Mwaka 2018 magari pale makutano ya Tazara yalipata daraja la juu kwa sababu yalikuwa yanakaa kwenye foleni. Foleni! Watu walikuwa wanachelewa. Sisi tunaomba kitu kilicho kidogo kuliko daraja na sababu yetu ni kubwa kidogo kuliko kuchelewa.

Wala siombi geti la umeme la Ulaya. Wiki hii hii, kwa koleo na rangi: toeni vibanda vya kona tu, vile vinavyoziba macho, na muwape wale wauzaji nafasi mita ishirini nyuma, nitawasaidia kuhamisha meza mimi mwenyewe. Fukieni ule mfupa wa katikati, lami iwe sawa na vyuma, bajaji isizime. Chora mstari wa kusimama. Weka matuta kabla ya reli, maana dereva wa Dar kibao atakidharau ila tuta analiheshimu, linamvunjia springi zake. Jaza ule mraba wa reli kwa mistari ya njano, na trafiki mmoja, mmoja tu, asubuhi na jioni, amzuie anayeingia kabla mwenzake hajatoka. Halafu mtu wa bendera mwenye simu. Stesheni ya jirani wanajua treni imeondoka saa ngapi, mpigieni, anyanyue bendera nyekundu na avute kamba. Kamba, wakuu. Manila. Dukani inauzwa kwa mita.

Taa na kengele zinazowashwa na treni yenyewe ikikanyaga kihisi zije baadaye. Nazitaka sana, lakini sitazisubiri nikiwa nimekaa kiti cha nyuma.

NYONGEZA, saa tatu usiku. Nimesoma maoni yenu. Nijibu matatu halafu nilale.

Mkuu uliyesema "nchi maskini hii, hela hakuna": usinipeleke Uswisi, njoo India. Wale walikuwa na vivuko visivyo na mlinzi kwa maelfu kwenye reli zao pana, na mwanzoni mwa 2019 wakatangaza wamevimaliza. Vingine walivifunga na kuunganisha barabara mbili zitumie kivuko kimoja, vingine wakachimba njia ya chini, vingine wakaweka mlinzi. Kabla hawajafika kote walichukua watu wa vijiji vya jirani, wakawaita mitra, yaani rafiki, kazi yao kusimama kwenye kivuko na kuwaonya wapitaji. Vijana wanaokaa vijiweni Vingunguti wangapi wangeikataa kazi hiyo?

Wewe uliyeandika "si mhame relini": mimi siishi relini. Naishi upande mmoja, kazi iko upande wa pili, kama nusu ya jiji. Utahama wewe kila unapokuta mtaro?

Na bodaboda uliyekiri kwamba hata geti likiwepo mnapita chini yake kwa kuinamisha kichwa: asante kwa ukweli, na hapo sina cha kukutetea. Kwenye vivuko viwili vyenye geti nilivyowahi kuvuka nimewaona mkifanya hivyo huku treni inaonekana, na abiria nyuma anacheka. Hasira yangu inatosha kwenu wote. Ila kijana aliyempokea yule mtoto dirishani alikuwa boda mwenzako, kwa hiyo leo nakusamehe.

Kitu kimoja naomba. Kama kwenu kuna kivuko ambacho ukisimama hatua tano kabla ya reli huoni treni, andika hapa jina la mtaa na umbali unaoona, pima kwa hatua tu, na msipigie picha katikati ya vyuma jamani. Nitaziandika zote kwenye karatasi moja na safari hii nitazipeleka kwa wale wote watatu siku moja, wagonge mihuri yao wakiwa wanatazamana.

Naenda kulala. Kesho saa kumi na moja niko kituoni, na daladala ni ileile, maana njia nyingine hakuna.