Mafundi wa Dodoma, acheni kuzika Raspberry Pi zilizo hai!

Wakuu, inatosha sasa. Mtu anapanda basi kutoka Kongwa au Bahi na Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) iliyogoma kuwaka baada ya kusasishwa famwea (programu ya ndani ya bodi). Anafika mjini, fundi anaichomeka dakika moja, anaona taa nyekundu tu, anatamka: "Imeungua hii, nunua nyingine." Haijaungua! Ni uvivu wa kupima, na anayelipia ni mteja.

Pi 4 haiwaki kama Pi 3. Pi 3 husoma faili la kuanzia, bootcode.bin, kutoka kwenye memori kadi. Pi 4 ina butiloda (programu inayoiwasha) ndani ya chipu ya EEPROM (memori inayoweza kufutwa na kuandikwa upya) ya KB 512 iliyoko kwenye bodi yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya kuandika chipu hiyo, kilichoharibika ni maandishi, si bodi. Ndani ya prosesa kuna ROM isiyofutika, nayo hutafuta faili la recovery.bin kwenye kadi kabla ya kugusa EEPROM. Ikilikuta, EEPROM inaandikwa upya.

Kwa hiyo pima. Chomoa kadi, unganisha skrini kwenye HDMI iliyo karibu na tundu la umeme, washa. Yakitokea maandishi ya butiloda, EEPROM ni nzima, hangaika na kadi. Irudishe uhesabu taa ya kijani: ikimulika mara 4, faili la start4.elf halionekani; mara 7, faili la kerneli (kiini cha mfumo) ndilo halionekani.

Skrini ikibaki nyeusi tii, chukua kadi nyingine, fungua Raspberry Pi Imager (programu ya kuandikia kadi) kwenye kompyuta nyingine, tafuta butiloda ya Pi 4 (ya Pi 5 ni nyingine, msichanganye), andika, chomeka, washa. Subiri angalau sekunde 10. Taa ya kijani ikipepesa haraka bila kukoma na skrini ikawa kijani, bodi imerudi. Zima, toa kadi ya uokoaji.

Na nani aliwafundisha kusasisha bodi ya mteja kwa amri ya `rpi-update`? Hiyo inaleta kerneli na famwea za majaribio! Tumieni `sudo apt update`, `sudo apt full-upgrade`, kisha `sudo rpi-eeprom-update` kuona kama kuna toleo jipya. Lipo? Rudia amri hiyo ukiongeza `-a` mwishoni, halafu riboti. Chipu huandikwa wakati wa kuriboti, si pale unapobonyeza enter, kwa hiyo anayechomoa waya hapo kwa kudhani kazi imeisha ndiye anayeiharibu. Kwa umeme wetu huu, fanyeni kazi hiyo kwenye UPS (betri ya akiba).

Chaji za simu nazo acheni kuwauzia watu. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na ikishuka chini ya volti 4.63 inalalamika. Andika `vcgencmd get_throttled`: ukiona 0x50000, umeme ulishawahi kushuka tangu iwashwe, 0x50005, unashuka hapo hapo unapotazama.

Wenye maduka, kwa nini hakuna hata kadi moja ya uokoaji kwenye droo zenu?