Mrejesho: Vitu vya marehemu mama, Tukuyu

Niliwauliza tuanzie wapi kuondoa vitu katika nyumba ya marehemu mama huko Tukuyu, nanyi mkanisihi tusigawe chochote kabla ya msimamizi wa mirathi kuteuliwa. Nawashukuru kwa dhati. Kikao cha ukoo kilimpendekeza kaka, Mahakama ya Mwanzo ikamteua, naye akaorodhesha kila kitu, kwa kuwa orodha hiyo huwasilishwa mahakamani ndani ya miezi 4. Hati ya kiwanja ilikuwa katika sanduku la bati, chini ya vitenge, kwa hiyo nawasihi msichome karatasi yoyote ya marehemu kabla ya kuisoma. Nguo zilizoota ukungu tulizitupa. Mablanketi walichukua mashangazi. Niliporejea Mbeya mjini nilipunguza pia vyombo vyangu vya kabatini, ambavyo vingi sikuwa nikivitumia. Shamba la migomba bado halijagawiwa, na kaka ndiye anayelisimamia.