Juisi ya nyanya: kusaga mbichi, kuchemsha au kufunga chupani?

MamaPendo_Umoja
Hamjambo wadau. Nyanya zimeshuka bei, nimetoka Marikiti alfajiri na kreti nzima, na chache zimeshaanza kulainika. Nafikiria njia tatu: kusaga mbichi na kuweka kwenye friji, kuchemsha kisha kugandisha, au kufunga kwenye chupa za kioo hadi bei ipande tena. Nataka hasa ya kupikia, ila baba Pendo naye hupenda glasi moja asubuhi. Ninyi hufanyaje?

JikoLaKangemi
Mbichi ni ya kunywa siku ile ile, basi. Niliwahi kusaga ndoo ndogo nikaiacha mezani nikaenda kuogesha watoto. Kurudi, rojo limeelea juu, chini maji ya manjano matupu. Nikapikia ndengu, mchuzi ukawa mwepesi kama chai ya rangi. Siku hizi nakata nyanya moja kwa moja ndani ya sufuria iliyo motoni, zikishalainika ndipo nachuja. Nagandisha kwenye treyi za barafu. Vipande vinne vinatosha sukuma ya watu watano.

Mkulima_Mwea
Dada wa Kangemi amepatia. Nyanya ikipondwa baridi, vimeng'enya vyake huanza kuvunja pektini, ile inayoshika uzito wa juisi. Moto mkali wa mapema huvizima. Angalia pia aina. Rio Grande na Cal J zina nyama nyingi, hizo ndizo za kuchemsha. Anna F1 ya kwenye vivungulio ina maji zaidi, inywe. Kadiria kilo moja na nusu kwa lita moja ya juisi.

BiZuhura_Eastleigh
Wanangu, sufuria ya alumini msiitumie kwa kazi hii. Asidi ya nyanya huila, juisi inabaki na ladha ya chuma. Tumieni ya stenlesi au yenye enameli. Asidi hiyo hiyo ina faida kwingine: birika langu la shaba nalipaka juisi iliyochanganywa na chumvi, naliacha dakika chache, nasugua kwa kitambaa, nasuuza. Linang'aa hadi mgeni anauliza nimelinunua lini. Na nyama ya ng'ombe ngumu nailaza ndani ya juisi na kitunguu saumu kabla ya kuipika. Usoni lakini msipake, ngozi laini inawasha.

Muuguzi_Kayole
Kwa baba Pendo: glasi moja ina takriban miligramu 500 za potasiamu. Mtu mzima mwenye afya hana shida, lakini mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza. Mwenye kiungulia pia asinywe tumbo likiwa tupu. Kati ya mbichi na iliyopikwa, mimi nachagua iliyopikwa na mafuta kidogo, maana mwili hufyonza laikopini, ile rangi nyekundu, vizuri zaidi hivyo.

MamaPendo_Umoja
Asanteni sana. Na chupa? Mamangu yuko Mombasa, yeye huzichemsha dakika 40.

Mkulima_Mwea
Mombasa sawa, Nairobi hapana. Huko Nairobi mko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Chupa za lita moja zikae dakika 50 ndani ya maji yanayotokota, zimefunikwa kabisa na maji. Kabla ya kujaza, tia kila chupa vijiko viwili vya mezani vya maji ya limau ya dukani. La kukamua nyumbani ukali wake hubadilika. Nyanya zingine hazina asidi ya kutosha kuzuia vijidudu vya sumu, kwa hiyo hatua hii usiiruke hata kama unaharakisha. Zilizoanza kulainika usizifunge, zipike leo. Na chupa ikivimba kifuniko, mwaga bila kuonja.

MamaPendo_Umoja
Basi nina chupa sita nzima, hizo nafunga kesho nikipata maji ya limau ya dukani. Nyanya zinazobaki nagandisha kama dada wa Kangemi. Zile laini ziko motoni tayari, nyumba nzima inanukia. Dada, maganda na mbegu za kwenye chujio unazifanyia nini?

JikoLaKangemi
Mbegu nawapa kuku. Maganda naanika juani siku mbili hadi yavunjike mkononi, nasaga, natia kijiko kwenye maharagwe. Yanaleta rangi kuliko nyanya ya kopo.