Kasi ya sauti kwa mrija wa maji: kwa nini jibu langu ni dogo?

Muulizaji, kidato cha tano
Shikamooni walimu. Katika zoezi la kupima kasi ya sauti nilitumia uma wa sauti (chuma chenye ncha mbili kinachovuma kikigongwa) wa hezi 512, yaani mitetemo 512 kwa sekunde, na mrija wa kioo wenye kipenyo cha ndani cha sentimita 4, uliosimamishwa ndani ya maji. Nilipoupandisha taratibu, sauti ilivuma kwa nguvu safu ya hewa ilipofikia sentimita 15.8, na mara ya pili ilipofikia sentimita 49.8. Kwa kuwa urefu wa kwanza ni robo ya urefu wa wimbi, niliuzidisha kwa 4 kisha kwa masafa ya uma, yaani hizo hezi 512, nikapata takriban mita 324 kwa sekunde, ilhali kwa joto la nyuzi 28 za Selsiasi nilitarajia mita 348. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko kosa la kusoma rula. Inatoka wapi?

Mwalimu wa Fizikia
Marahaba, mwanangu. Vipimo vyako ni vizuri sana. Tatizo ni kudhani kwamba wimbi linaishia mdomoni mwa mrija. Kwenye uso wa maji hewa haiwezi kusogea, hivyo hapo pana kifundo, lakini upande ulio wazi hewa ya nje kidogo ya ukingo nayo hutikisika pamoja na ile ya ndani, kwa hiyo tumbo la wimbi, yaani mahali hewa inapotikisika zaidi, hukaa juu ya ukingo kwa umbali unaokaribia 0.6 ya nusu kipenyo. Kwako ni sentimita 1.2, na 15.8 inakuwa 17.0. Hata hivyo, mimi huwashauri wanafunzi wasitegemee kanuni hiyo ya makadirio. Ukitoa 15.8 katika 49.8 unabaki na 34.0, ambayo ni nusu kamili ya urefu wa wimbi, kwa sababu ziada ileile imo katika vipimo vyote viwili na inajifuta. Mara mbili ya 0.34 ukizidisha kwa 512 ni mita 348 kwa sekunde.

Fundi sanifu wa maabara
Naunga mkono, ila kwa uma wa hezi 256 mvumo wa pili huhitaji safu ya karibu mita moja, na mirija mingi ya shule haifiki hapo. Katika hali hiyo tumia uma za sauti kadhaa zenye masafa tofauti, chora grafu ya urefu wa mvumo wa kwanza dhidi ya 1 gawanya kwa masafa, kisha zidisha mteremko wake kwa 4; ziada ya mdomoni itajitokeza yenyewe pale mstari unapokata mhimili wa urefu chini ya sifuri.

Muulizaji, kidato cha tano
Nashukuru sana, nimeelewa. Je, ninaweza kuingiza maikrofoni ndogo ndani ya mrija badala ya kutegemea sikio?

Mwalimu wa Fizikia
Unaweza, lakini kumbuka kwamba maikrofoni ya kawaida hupima mabadiliko ya kanieneo (shinikizo la hewa), ambayo ni makubwa kwenye vifundo, mahali hewa yenyewe imetulia. Ni mahali hapohapo ambapo poda laini ilijikusanya katika mrija wa August Kundt, Mjerumani aliyeeleza njia yake mwaka 1866, na kwa kulinganisha nafasi kati ya vilima vya poda katika gesi mbili kwa masafa yaleyale, uwiano wa kasi za sauti ulipatikana moja kwa moja. Kwa hiyo ukiisogeza maikrofoni, umbali kati ya sehemu mbili zinazofuatana zenye usomaji wa juu ni nusu ya urefu wa wimbi.