Trekta MF 135 ya marehemu baba: plau inashuka yenyewe nikizima injini. Fundi anasema pampu imekufa, naombeni ushauri

BintiMuheza
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Niko Muheza, njia ya kwenda Maramba. Baba alituachia Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. Ilianzia kazi kwenye shamba la mkonge, baba akainunua ikiwa imeshachoka, akaitunza mpaka alipofariki mwaka juzi. Injini haina neno, inawaka mara moja tu. Shida ni haidroliki, ule mfumo wa mafuta unaoinua plau.

Asubuhi nikiinua plau ya diski tatu inapanda vizuri. Nikishalima kama ekari moja na mafuta yakapata moto, inapanda kwa kujivuta. Nikiwa barabarani plau ikiwa juu inatikisa kichwa, inashuka kidogo, inapanda, inashuka tena, kama mtu anayesinzia. Nikizima injini haipiti dakika, diski ziko chini. Enzi za baba alikuwa anazima, anakwenda kunywa chai, akirudi anaikuta palepale.

Fundi aliyekuja alisikiliza dakika tano akasema pampu imekufa, ninunue nyingine. Bei aliyonitajia ni magunia kumi na mawili ya mahindi, bado ufundi. Masika ndiyo hayo yanabisha hodi, nina ekari sita zangu na majirani wameshanipa nafasi zao. Nikitoa hela hiyo halafu tatizo likabaki, sina pa kushika tena. Ninunue au nisinunue?

Mgosi_Lushoto
Dada pole. Kabla ya yote, mafuta ya nyuma, yale ya giaboksi na haidroliki, yako kiwango? Chomoa kijiti cha kupimia uangalie na rangi yake.

KijanaHandeni
Dada, hapo dawa ni kuweka oili nzito, ile ya 140. Ya kwetu ilikuwa inashuka hivyohivyo, tukaweka nzito ikatulia msimu mzima.

MzeeWaMkonge
Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na baba. Nimekaa karakana ya mkonge Korogwe miaka ishirini na tatu, na 135 ndizo zilikuwa zetu. Usinunue pampu bado. Sisemi kwamba ni nzima. Nasema hakuna aliyeipima.

Fikiri hivi. Kazi ya pampu ni kupandisha. Plau yako inapanda, asubuhi inapanda vizuri kabisa. Kinachokusumbua ni kwamba mafuta yakishafika juu hayakai. Injini ikizimwa pampu haizunguki, kwa hiyo plau ikishuka ujue kuna mlango mafuta yanatorokea. Na kule kutikisa kichwa ni jambo hilohilo: yanavuja, mikono inashuka, vali inahisi na kuruhusu pampu irudishie, inapanda, yanavuja tena.

Milango yenyewe si mingi. Kuna pistoni ndani ya silinda ya kuinulia, ina ringi zake. Kuna bomba wima linalotoa mafuta kwenye pampu iliyo chini kabisa ndani ya bodi na kuyapeleka kwenye silinda juu, lina oringi, yaani pete za mpira za kuzuia mafuta, huku na huku. Kuna vali ya usalama. Kuna vali ya kuongozea iliyo kwenye pampu yenyewe, na hapo ndipo fundi wako anaweza kuwa na haki. Na mara chache sana silinda yenyewe inakuwa na ufa. Katika niliyofungua, oringi za bomba na ringi za pistoni ndizo zilizoongoza.

Kijana wa Handeni, hiyo oili nzito ni ya kuficha ugonjwa. Mfumo wa Ferguson unadhibiti pampu upande wa kunyonya, si upande wa kusukuma. Vali ikifungua, pampu inanyonya, ikifunga, pampu inazunguka bila kitu. Ukiipa mafuta mazito kama uji wa mgonjwa aliyeanza kupona, asubuhi ya baridi haivuti vizuri. Tena mafuta hayohayo ndiyo ya giaboksi na ya difu, nyumba ni moja. Tumia oili ya trekta inayofanya kazi zote mbili, ya gia na ya haidroliki, wauzaji wanaiita UTTO.

KijanaHandeni
Nimekuelewa mzee. Ndiyo maana msimu wa pili ilianza kupiga kelele.

BintiMuheza
Asanteni sana. Nimechomoa kijiti. Mafuta yapo karibu na alama ya juu ila rangi ni ya chai ya maziwa kabisa. Nimepiga picha, angalieni.

Fundi_Pongwe
Hayo ni maji, dada. Trekta inalala nje? Angalia mpira wa pale chini ya fimbo ya gia. Ukichanika, mvua yote inayogonga pale inashuka kwenye giaboksi. Na maji yakikaa humo yanaweka kutu kwenye vitu vilivyosuguliwa kioo, vali na lile bomba alilosema mzee. Hata ukibadilisha oringi leo, bomba likiwa na vishimo vya kutu oringi mpya haimalizi mwezi.

Mwaga yote. Chini kuna boliti za kumwagia zaidi ya moja, fungua zote, ukifungua moja nusu ya maji yanabaki. Mwaga jioni mafuta yakiwa na uvuguvugu, acha yachuruzike usiku kucha. Andaa ndoo za kutosha, inakula karibu lita thelathini. Na usimwage kwenye shimo la shambani, hayo mafuta yanaua udongo na yanafika kisimani.

MamaMachungwa
Mdogo wangu nami ninayo 135 huku Mkanyageni. Usidharau vitu vidogo: hakikisha fimbo ya PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine, imeingia sawasawa, maana pampu inazungushwa na shafti hiyohiyo. Yangu ilikuwa inachomoka kidogo nikadhani haidroliki imekufa. Na kama klachi yako ni ya hatua mbili, ukikanyaga mpaka mwisho hata kuinua kunasimama.

MzeeWaMkonge
Kweli mama. Lakini yake inapanda, kwa hiyo shafti inazunguka.

Binti, kipimo ni hiki, na hakikugharimu zaidi ya gasketi moja. Kabla hujamwaga yote, punguza mafuta mpaka yashuke chini ya kifuniko cha ubavuni, kile chenye kijiti, kisha kifungue plau ikiwa bado chini. Washa, inua plau ukiwa umeketi kitini, kisha zima injini. Sasa weka magogo imara chini ya fremu ya plau, yaache nafasi ya vidole vinne tu, ili plau iendelee kuning'inia kwenye mafuta lakini isiweze kumwangukia mtu. Mulika kwa tochi kwenye tundu la kifuniko, uangalie mafuta yanatoka wapi.

Yakitiririka kwenye mdomo wa silinda ulio wazi, pale mkono wa kusukuma unapoingia, ni ringi za pistoni. Yakitoka kwenye shingo ya bomba wima, juu au chini, ni oringi. Kama huko kote kukavu na yanatoka chini kwenye pampu, hapo mwite fundi wako, mtaelewana naye.

Sasa nisikilize vizuri kwa hili. Usiingize mkono humo. Mafuta yenye mgandamizo yakitokea kwenye tundu la ukubwa wa sindano yanapenya ngozi. Mwenzetu mmoja yalimpata kwenye kidole, kikawa na kidoa tu kama cha mbu, hakuumia sana, akaendelea na kazi. Usiku mkono ulivimba mpaka kwenye kiwiko, na kidole walikikata. Yakimpata mtu ni hospitali saa hiyohiyo, na mwambieni daktari kwamba ni mafuta ya mgandamizo. Na watoto wasisogee kabisa plau ikiwa juu.

BintiMuheza
Nimeona! Nimefanya na kaka yangu jioni hii. Kwenye silinda kuna matone machache, lakini kwenye bomba, kule juu linapoingia kwenye mfuniko mkubwa wa juu, mafuta yanashuka kama uzi. Hayakatiki mpaka plau inagusa gogo. Kwenye pampu hakuna kitu tunachokiona.

Je, nabadilisha oringi ya bomba tu, au nifungue mfuniko mzima?

Fundi_Pongwe
Bomba linatoka bila kuinua mfuniko mkubwa: unafungua kile kifuniko kidogo cha juu yake, unalivuta kwenda juu. Lakini ushauri wangu, kwa kuwa maji yameingia na silinda nayo imeanza kudondosha, fungua mfuniko wote mara moja. Utapata na nafasi ya kusafisha chujio la pampu. Mafuta yakiwa na tope, chujio likaziba, ndiyo huko kupanda kwa kujivuta.

Zingatia mawili. La kwanza, lazima bomba litoke kabla ya kuinua mfuniko, ukilisahau unalipinda au unalivunja. La pili, wakati wa kurudisha, vile vijiti viwili vinavyoshuka kutoka kwenye mfuniko vikae sawasawa kwenye roli ya mkono wa vali ya pampu. Mtu mmoja achungulie kwenye tundu la ubavuni wakati wenzake wanashusha. Vikikaa vibaya utafunga boliti zote, utawasha, na plau haitasikia fimbo ya kuinulia hata kidogo. Mfuniko ni mzito, tafuta winchi ya mnyororo au wanaume watatu.

Oringi usichukue yoyote inayofanana. Beba ya zamani na bomba lenyewe dukani. Ukikosa Tanga mjini, Ngamiani, agizia mtaa wa Gerezani, Dar, basi la asubuhi linakuletea siku hiyohiyo.

BintiMuheza
Narudi baada ya siku tisa, samahanini, mtandao huku ni wa kubahatisha.

Tulifungua Jumamosi. Oringi ya juu imekuwa bapa na ngumu, nikiikunja inakatika kama ukoko wa wali. Bomba lilikuwa na kutu kidogo, kaka amelipitisha msasa laini wenye mafuta mpaka likang'aa. Ringi za pistoni tumeweka mpya. Chujio lilikuwa na ute wa kijivu kama sabuni iliyolowana, tumelisafisha kwa dizeli. Mpira wa fimbo ya gia kweli ulikuwa umechanika, upande ambao hauonekani ukiwa umekaa kitini.

Mafuta mapya yameingia. Jana nimeinua plau, nimezima, nimekwenda kupika ugali na kula. Nimerudi imeshuka kama upana wa kidole. Kutikisa kichwa kumekwisha. Gharama yote, mafuta yakiwemo, haijafika magunia manne.

Swali moja: nikishalima leo mafuta yameanza tena kuwa na weupe kwa mbali. Ni vibaya?

MzeeWaMkonge
Mungu amweke baba yako pema. Huo weupe ni maji yaliyobaki kwenye pembe za bodi, hayatoki yote mara moja. Lima ekari zako sita, kisha mwaga tena uweke mengine, hata kama roho inauma. Na ukimaliza kazi, shusha plau chini kabla ya kuzima, usiiache inaning'inia kwa sababu tu sasa inaweza.

BintiMuheza
Sawa baba. Jumatatu naanza kwa jirani wa bondeni, kwake maji hujaa mapema.